Gobori lenye chapa ya Tower: uchambuzi wa kisa cha bunduki iliyopewa umri usio wake

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea katika makumbusho madogo ya jamii kusini mwa Tanzania. Niliombwa kupitia jalada lake mambo yalipokwisha kutulia, nikazungumza na waliohusika pande zote. Majina ya watu, ya ukoo, ya kijiji na ya makumbusho nimeyaondoa, pamoja na mambo madogo ambayo jirani angeyatumia kuwatambua. Bunduki yenyewe nimeiacha kama ilivyo, maana ndiyo shahidi mkuu.

Naandika kwa ajili ya wahifadhi, walimu wa historia na ndugu wanaofungua sanduku la marehemu wakakutana na mtutu uliofunikwa kitenge. Kosa lililofanyika hapa ni la kawaida mno: mtu anasoma mtambo wa bunduki, anatafuta mwaka ambao mtambo wa aina hiyo ulibuniwa Ulaya au ulipoachwa huko, kisha anaufanya mwaka huo kuwa umri wa bunduki iliyo mkononi mwake. Hapa kosa hilo liligusa heshima ya familia, na nusura lihatarishe maisha ya watoto wa shule.

Usuli

Bunduki ni ndefu, inamfika mtu mzima kifuani au zaidi akiisimamisha. Mtutu ni laini ndani, hauna mifereji, na hushindiliwa kwa mdomo kwa kutumia mdeki. Kitako kiliwahi kupasuka. Fundi akakifunga kwa waya wa shaba, na sehemu ya juu, pale mti unapokutana na mtambo, akakivisha ngozi mbichi iliyoshonwa ikiwa na maji, ikakauka na kukaza kama chuma. Kwenye bamba la mtambo kuna taji na neno TOWER.

Nyundo yake ni ya kugonga fataki, yaani kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa. Lakini ubavuni mwa bamba kuna matundu ya skrubu yaliyozibwa, na ukingo wa bamba una mkato mahali ambapo zamani palikaa kibakuli cha baruti. Kwa anayejua kusoma makovu hayo, bunduki hii ilizaliwa gumegume, yaani ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, ikaja kugeuzwa ya fataki baadaye.

Familia iliyoileta ina mzee mmoja aliyepita miaka sabini. Kwa maelezo yao, babu wa mzee huyo aliibeba katika vita vya Maji Maji, kisha akaificha darini Wajerumani walipokuwa wakipita vijijini kukusanya silaha. Haikuwahi kuuzwa. Ilitolewa nje mara chache, kwa shughuli za ukoo.

Anayetaka kuelewa kilichofuata inabidi awajue wabunifu wawili. Wa kwanza ni Marin le Bourgeoys wa Lisieux, Ufaransa, msanii wa ikulu ambaye kwa kawaida ndiye anayetajwa kuwa alikamilisha mtambo wa gumegume mwanzoni mwa karne ya 17: jiwe linapiga chuma, cheche zinaangukia kwenye kibakuli cha baruti, moto unaingia mtutuni kupitia kitundu. Wazo hilo lilitumika Ulaya zaidi ya miaka mia mbili karibu bila kubadilishwa.

Wa pili ni Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Belhelvie, Uskochi, aliyependa kuwinda ndege. Gumegume lilimkera kwa sababu mwako wa kibakuli huwashtua ndege kabla risasi haijatoka. Akajaribu kemikali inayolipuka kwa kugongwa tu, bila cheche, na mwaka 1807 akapata hataza. Wengine waliokuja nyuma yake ndio walioiweka kemikali hiyo ndani ya kikofia kidogo cha shaba, yaani fataki, na wakagombana sana juu ya nani alitangulia. Jeshi la Uingereza lilianza kuachana na gumegume karibu na mwaka 1840.

Mambo yalivyokwenda

Mjukuu wa mzee aliileta bunduki kwa bodaboda, imefungwa kitenge. Msimamizi wa makumbusho aliipokea kwa mikono miwili, akaandika jina la mleta kwenye daftari, akaiegemeza kwenye kabati la ofisini. Hakuuliza zaidi. Hakuna aliyekwenda polisi, ingawa sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 haimwachii mtu wala taasisi kukaa na bunduki bila kibali kwa hoja kwamba ni ya babu.

Wiki hiyohiyo wanafunzi walitembelea makumbusho. Mmoja aliinyanyua bunduki, akailenga dirisha huku wenzake wakicheka. Mwalimu alimkemea kwa utovu wa adabu, si kwa hatari.

Msimamizi alikuwa na haraka ya maonyesho. Alitafuta picha kwenye simu, akaona bunduki za jeshi la Uingereza zenye taji na TOWER pale pale kwenye bamba. Umbo lilifanana. Akaandika kibao: “Gumegume la jeshi la Uingereza, kabla ya mwaka 1840. Lililetwa na wafanyabiashara wa watumwa.” Sentensi ya pili haikuwa na ushahidi wowote. Nilipomuuliza, msimamizi alinieleza kwamba ilionekana tu kuwa jibu la swali lililobaki: kama ni ya zamani hivyo, ni nani mwingine angeifikisha bara?

Mzee alialikwa kuona maonyesho. Mjukuu akamsomea kibao. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia msimamizi, “Mwanangu, mimi nimekuletea bunduki ya mpiganaji. Wewe umeandika ya mwizi wa watu.” Msimamizi akajitetea kwa upole: “Shikamoo mzee wangu, sikukusudia. Ila tarehe haziendani. Vita vilikuwa 1905, na hii ni ya kabla ya 1840.” Mzee hakuitikia shikamoo ile. Mjukuu ndiye aliyemshika mkono wakaondoka.

Mtunza kumbukumbu, binti aliyekuwa mafunzoni, ndiye aliyerudi kwenye bunduki. Alichukua fimbo nyembamba ya mti, akaitumbukiza mtutuni taratibu mpaka ikagota, akaweka alama, kisha akailaza juu ya mtutu kwa nje. Fimbo ilipungukiwa na vidole vinne hivi kabla ya kufika usawa wa mtambo. Maana yake kuna kitu kimekaa chini. Akafunga mlango wa ofisi, akawatoa watu, akapiga simu polisi.

Mtaalamu wa silaha wa polisi alikuja, akaichukua. Ndani mlikuwa na baruti iliyoganda, kitambaa cha kushindilia na gololi ya risasi. Bunduki ilikuwa imeshindiliwa, pengine kwa vizazi. Polisi walikaa nayo kituoni hadi makumbusho yalete barua na kupata kibali, na jambo hilo halikuisha upesi.

Kituoni ndiko ushahidi ulikojitokeza. Akipitisha tochi ubavuni mwa mtutu, mtaalamu yule aliona chapa ndogo ikichungulia kwenye ukingo wa ngozi: taji, chini yake upinde wa umbo la yai, na ndani ya upinde herufi E. Sehemu nyingine ilikuwa chini ya ngozi. Alitaka kuikata ngozi aisome yote. Mtunza kumbukumbu alimsihi asikate. Wakapiga picha kwa mwanga wa pembeni kutoka pande mbalimbali, wakazituma kwa mtu mwenye ujuzi wa chapa za bunduki nje ya nchi.

Jibu lilikuja fupi. Ni chapa ya nyumba ya majaribio ya mitutu ya Liège, Ubelgiji.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutokata ngozi nauona kuwa bora kuliko yote. Hoja ya polisi ilikuwa na nguvu: chapa nzima ni ushahidi bora kuliko nusu chapa. Lakini ngozi ile nayo ni ushahidi, na ukishaikata huwezi kuirudisha. Ndiyo inayoeleza kwamba bunduki iliendelea kutumika baada ya kuvunjika, kwamba palikuwa na fundi karibu, na kwamba alijua tabia ya ngozi mbichi. Chapa za Liège zimejaa katika makumbusho ya Ulaya. Mkono wa fundi huyu uko hapa tu. Tena nusu iliyoonekana ilitosha, kwa sababu swali lililokuwa mezani lilijibiwa na taji.

Nyumba ya majaribio ya Liège ilitumia herufi ELG na nyota ndani ya umbo la yai tangu mwaka 1810. Taji juu ya umbo hilo liliongezwa mwaka 1893. Kwa hiyo mtutu huu haukujaribiwa Liège kabla ya 1893. Kibao cha kwanza kilikosea kwa zaidi ya nusu karne, na kilikosea upande uleule uliomwumiza mzee.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuondoa kibao kabla ya kuwa na kingine. Msimamizi alitaka kwanza kusubiri, asionekane kuyumba. Bodi ya makumbusho ikamwagiza akiondoe siku hiyohiyo, pengo libaki na karatasi inayosema kitu hiki kinachunguzwa. Wengine waliona hiyo ni aibu. Mimi sioni aibu ndani yake. Kibao chenye uongo unaojulikana ndicho cha kuonea haya.

Uamuzi wa tatu ulihusu namna ya kurudi kwa familia. Hawakupiga simu. Walikwenda watatu, na mjumbe mmoja wa bodi aliye rika la mzee ndiye aliyetangulia kuzungumza. Walimweleza kuhusu baruti iliyokuwa ndani, wakamweleza kuhusu 1893, na hawakumwambia kwamba simulizi yake imethibitishwa, kwa kuwa haijathibitishwa. Chapa inasema tu kwamba hakuna kinachoizuia.

Matokeo

Bunduki ilirudi makumbusho ikiwa tupu, ina kibali, iko ndani ya kabati la kioo lenye kufuli. Ni mali ya familia, imeazimwa kwa maandishi. Kibao kipya kinasema: “Bunduki ya kushindilia. Mtutu ulijaribiwa Liège, Ubelgiji, si kabla ya 1893. Iliundwa gumegume, ikageuzwa ya fataki na fundi ambaye jina lake halijulikani. Familia inaeleza kwamba ilibebwa katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Umri wa mtutu unaafikiana na maelezo hayo.”

Uchambuzi: kwa nini gumegume baada ya 1893?

Hapa ndipo msimamizi alipojikwaa, na sikumlaumu kwa kushangaa. Mwaka 1886 Wafaransa walikwishapata bunduki ya Lebel yenye baruti isiyotoa moshi na kasha la risasi kadhaa. Hiram Maxim alikwishaonyesha bombomu lake, bunduki inayofyatua risasi mfululizo, London. Nani angeunda gumegume wakati huo, kwa mtambo wa enzi za Le Bourgeoys?

Mwenye kiwanda aliye na soko ndiye angeliunda. Na soko hilo lililindwa na sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia uingizaji wa silaha Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini. Uliandikwa kama mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa, na kwa kweli silaha zilikuwa zikimiminika: mwaka 1888 konseli wa Uingereza Zanzibar alikadiria bunduki kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Lakini mkataba uliacha mlango mmoja. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Silaha za kisasa zilibaki kwa serikali za wakoloni na askari wao.

Kwa hiyo wazo la kizamani halikudumu huku kwa sababu watu hawakujua lililo bora. Lilidumishwa kwa kalamu. Mwafrika aliyetaka bunduki kihalali aliuziwa teknolojia ambayo jeshi la aliyemuuzia lilikwishaitupa zamani. Kisha tunaikuta darini, tunasema ni ya kabla ya 1840, na kwa kusema hivyo tunaificha siasa yote iliyoifikisha pale. Kama kuna jambo moja ningependa wahifadhi walichukue katika jalada hili, ni hilo.

Na TOWER je? Mnara wa London ulikuwa ghala na karakana ya silaha za serikali ya Uingereza, na chapa yake ilijenga jina kubwa katika masoko ya Afrika. Mafundi wa Liège waliogonga neno hilo kwenye bamba walikuwa wakiuza sifa ya mtu mwingine, kama fulana za bandia zinavyouzwa leo. Chapa ya mtambo ilikuwa tangazo la biashara. Chapa ya mtutu ilikuwa ya kisheria. Msimamizi aliliamini tangazo.

Kuna kichekesho kimoja hapa ambacho sikukiona kwenye jalada lakini siwezi kukiacha. Forsyth, mchungaji yule wa ndege, alipewa karakana ndani ya Mnara wa London wenyewe afanyie majaribio yake, mpaka mkuu mpya wa idara ya silaha alipomwamuru aondoke na takataka zake. Serikali ikalikataa wazo, kisha baada ya miaka thelathini hivi ikalichukua. Fundi wetu wa kusini, aliyeng'oa kibakuli na kuweka nyundo ya fataki kwenye bamba lenye neno TOWER, alimaliza kwa vifaa vya kijijini kazi iliyoanzia kwenye Mnara halisi.

Uchambuzi: kwa nini gobori lilibaki na nyingine zikafa?

Linganisha na silaha iliyokuwa upande wa pili wa vita hivyo. Askari wa jeshi la Wajerumani walibeba hasa Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayoingiza risasi moja moja kwa komeo. Ndugu wawili wa Oberndorf, Wilhelm na Paul Mauser, walichukua wazo la komeo ambalo Dreyse wa Prussia alikuwa amekwishalifikisha jeshini, wakalitengeneza upya. Kama bunduki, ilikuwa mbali sana mbele ya gobori. Shambulio la boma la Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, lilionyesha tofauti hiyo kwa ukatili, bunduki na mabombomu ya boma yakielekezwa kwa watu waliokuja na mikuki na magobori.

Hata hivyo Mauser 71 imekufa kama silaha. Bado ilikuwa mikononi mwa kampuni nyingi za askari mwaka 1914, moshi wake ukiwafichua, lakini risasi yake ya kopo la shaba haitoki kwa fundi wa kijijini. Kiwanda kilipoacha, bunduki ikawa chuma. Wazo la komeo liliendelea ndani ya bunduki nyingine, hasa Mauser ya 1898, na wawindaji wanalitumia hadi leo. Bunduki ile yenyewe haikuendelea.

Gobori lilikwenda njia tofauti. Halidai kopo la kiwandani, na likivunjika linafungwa ngozi. Ndiyo maana taarifa za polisi Tanzania za silaha zilizokamatwa au kusalimishwa bado zinayataja magobori, mengi yao yakiwa kazi ya mafundi wa siku hizi. Tukiuliza ni mbunifu gani wa zamani aliyeacha alama ndefu zaidi huku kwetu, majibu ya haraka yatakuwa Maxim au Mauser. Mimi namtaja Forsyth. Kitu kinacholipuka kwa kugongwa kimo ndani ya gobori la mwindaji haramu na kimo pia kitakoni mwa kila risasi ya kisasa. Ukubwa wa kipaji si sababu. Wazo lake lilikuwa dogo kiasi cha kubebeka ndani ya kopo la bati na kuwekwa juu ya mtambo wa karne mbili nyuma bila kuuvunja.

Kilichofaulu na kilichoshindikana

Fimbo ya mti ilifaulu. Ni hatua isiyogharimu kitu, na ilipaswa kufanyika ndani ya dakika tano za kwanza, tena na polisi, kabla ya daftari, kabla ya kitenge kukunjwa. Fimbo ya chuma isitumike kamwe. Na hakuna anayepaswa kujaribu kutoa kilichomo. Binti yule alifunga mlango, akaishia hapo.

Kuhusu simulizi, makumbusho yalishindwa, na hasara hiyo haina marekebisho. Maelezo kamili ya mzee hayakurekodiwa siku bunduki ilipofika. Yalirekodiwa baada ya kibao, baada ya ugomvi, baada ya yeye kusikia maneno Tower, Liège na 1893. Katika kinasa sauti anasikika akisema babu yake aliipata “kwa Wabelgiji”. Mjukuu ananiambia hajawahi kumsikia babu yake akiwataja Wabelgiji maishani mwake. Sasa hatujui tena nini ni kumbukumbu ya ukoo na nini ni mwangwi wa makumbusho. Kama kinasa sauti kingewashwa siku ya bodaboda, tungekuwa na ushahidi wa kuuweka kando ya chapa.

Jambo jingine limebaki wazi kwenye jalada, nami naliacha wazi. Umri wa mtutu si lazima uwe umri wa bunduki nzima. Bamba, mtutu na kitako vingeweza kukutanishwa na fundi kutoka bunduki tatu. Skrubu kuu zinakaa vizuri kwenye mti wa asili, hivyo naona uwezekano huo ni mdogo, lakini kibao kimefanya vema kusema “mtutu” pale kinapotaja 1893.

Mzee amekisikia kibao kipya. Hakufurahia neno “inaeleza”. Alitaka kiandikwe kwamba ilibebwa. Msimamizi alikataa, safari hii akiwa na sababu ya kukataa, na wamekubaliana kwamba mjukuu ataandika maelezo ya familia kwa mkono wake yawekwe ndani ya kabati lilelile, chini ya jina la ukoo, bila makumbusho kubadilisha neno.